Daraja la RFL2: Uainishaji wa Timu za Mataifa Zilizotua Nyangwe

Wageni wa Nyangwe wamekwisha kupangwa kwa dini zao, kwa mataifa yao, kwa biashara waliyoijia na kwa unene wa vitabu walivyoandika baada ya kuondoka. Kazi yote hiyo ina kasoro moja: hakuna aliyewapanga kwa kanuni za mashindano ya dunia ya vindege vyepesi. Makala hii inaziba pengo hilo, ambalo kwa kadiri tulivyochunguza halikuwa likimkosesha mtu usingizi.

Kuchelewa kwenyewe ni suala la kalenda. Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Anga, FAI, liliundwa Paris mwezi wa Oktoba 1905. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yaani Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe, alifariki Unguja mwezi wa Juni mwaka huohuo. Wanaanga wa Ulaya walimkosa kwa miezi minne tu mtu pekee aliyewahi kuzipokea timu za mataifa mawili kwenye uwanja mmoja wa Lualaba, akazitoza, akazisindikiza, kisha akabaki na malalamiko. Wangemwahi, kitabu cha kanuni kingekuwa kifupi.

Uwanja wenyewe, Nyangwe, uko ukingo wa kulia wa mto Lualaba, upande wa Kasongo, kusini mwa Maniema, katika Kongo ya leo. Wafanyabiashara wa pwani waliukalia kuanzia miaka ya 1860, wakalikuta soko la wenyeji limechangamka na mto mpana usiojulikana unakomea wapi. Swali hilo la mto ndilo lililozaa mashindano. Kila timu ilikuja kutafuta jibu lilelile: maji haya yanakwenda Misri, au yanakwenda bahari ya magharibi?

Sasa kanuni. FAI hukitambua kindege chepesi kwa msimbo wa herufi na nambari. Herufi ya kwanza ni R, nayo ni ya vindege vyote vya jamii hiyo. Ya pili hueleza kinavyoongozwa: A kikiongozwa kwa usukani na mbawa zenye viungo, W kikiongozwa kwa rubani kuhamisha uzito wa mwili wake, P kikining'inia chini ya parashuti, G kikiwa na panga zinazozunguka juu. Ya tatu husema kinaondokea wapi: L nchi kavu, S majini, F kwa miguu ya rubani mwenyewe, anayebeba injini mgongoni na kukimbia mpaka ardhi imwache. Kisha inakuja nambari ya watu, 1 au 2. Mwisho ni aina ya injini, T ya kuchoma mafuta au E ya umeme. Kwa Nyangwe tumelazimika kuongeza injini mbili ambazo FAI haikuzifikiria: M, miguu, na K, kasia. Vilevile tumeruhusu herufi F na L zikae pamoja, maana huko kila aliyeondoka kwa miguu aliendelea kwa miguu.

Kuna pia sharti la kasi, nalo huwashangaza wasioujua mchezo. Kindege chepesi hakitakiwi kuwa na mbio. Kinatakiwa kiweze kwenda polepole bila kuanguka, kasi yake ya chini isizidi kilomita 65 kwa saa. Misafara yote iliyofika Nyangwe ilitimiza kifungu hiki bila kujikaza. Uzito ndio ulioleta matatizo. Kwa miaka mingi kikomo cha ndege ya watu wawili ya nchi kavu kilikuwa kilo 450. Frasila moja ni ratili 35, karibu kilo 16, na mpagazi wa kawaida alibeba frasila mbili. Kwa hiyo kikomo hicho cha FAI ni mizigo ya wapagazi 14, akiwamo atakayembeba kuku. Stanley, tutakayemkuta mbele, aliyetoka pwani na mamia ya watu, alikuwa amezidisha uzito kabla hajaiacha Bagamoyo.

Mashindano yenyewe yamekuwapo tangu miaka ya 1980, na wanaopanda jukwaani mara kwa mara ni Waingereza, Wafaransa, Wacheki, Wapoland na jirani zao. Desemba 2015 Michezo ya Dunia ya Anga ilisogea hadi Dubai, si mbali na Maskati, ambako wako wazee wanaozungumza Kiswahili na ambao babu zao waliijua Maniema kwa nyayo. Majaribio makuu ni matatu. La kwanza ni kutafuta njia: rubani hupewa ramani na picha, hutangaza muda wake kabla ya kuondoka, na haruhusiwi kutumia chombo chochote cha kielektroniki kumwonyesha aliko. La pili ni kubana mafuta: mnapimiwa kiasi kilekile, halafu anatazamwa atakayekwenda nacho mbali au kukaa nacho angani muda mrefu. La tatu ni kutua: injini inazimwa juu, rubani anashuka kimya na kugusa ardhi ndani ya mstari uliochorwa. Pointi za marubani bora wa kila daraja hujumlishwa kuwa za taifa.

Tuanze na David Livingstone, timu ya Uingereza, aliyefika mwisho wa Machi 1871. Alijiandikisha RFL1M: miguu, nchi kavu, mtu mmoja. Katika kutua kwa injini iliyozimwa hana mpinzani. Mwaka uliotangulia injini yake, yaani miguu, ilizima kabisa kwa vidonda, akashuka Bambarre, ndiyo Kabambare ya leo, akakaa miezi akiitengeneza. Kabambare iandikwe kiwanja cha kwanza cha dharura cha Maniema. Katika kutafuta njia, hata hivyo, alifanya vibaya kuliko wote. Aliamini Lualaba ni Naili, na alikuwa tayari kuufuata hadi Misri. Kilichomwokoa na kosa hilo ni kwamba hakuondoka: kwa karibu miezi minne aliomba mitumbwi, na hakuna aliyemuuzia.

Wenye mitumbwi walikuwa Wagenya, watu wa mto, na katika uainishaji huu wao ndio wasimamizi wa uwanja. Waandishi wengi wa Ulaya wamewaona kama kizuizi. Mwandishi wa makala hii anawaona kama maofisa pekee waliofanya kazi yao. Walikuwa wamekwisha kuona kinachofuata nyuma ya watu wenye bunduki wanaouliza mto unakwenda wapi, wakafunga njia ya kurukia.

Kinasa-safari cha Livingstone kinastahili aya yake. Siku hizi kila rubani hubeba kisanduku kilichofungwa kwa lakiri, ambacho huandika alikopita. Akitua tu, anakikabidhi kwa mwamuzi. Livingstone karatasi zilimwishia. Akachukua nakala ya gazeti la The Standard, akaigeuza ubavu, akaandika shajara yake juu ya maandishi yaliyochapwa, mistari yake ikiikatiza ya gazeti, kwa wino aliojitengenezea kwa mbegu za mmea wa hukohuko. Wino ukafifia ukawa kama doa la chai. Mwaka 2011 ndipo wanazuoni waliokuwa wameupiga picha kwa mianga ya rangi mbalimbali walipochapisha kilichosomeka. Kinasa-safari, basi, kilikabidhiwa baada ya miaka 140. Adhabu ya kuchelewa hatukuweza kuikokotoa.

Ila kilichosomeka humo kinatutoa kwenye mzaha. Tarehe 15 Julai 1871 watu wa wafanyabiashara waliingia sokoni Nyangwe na bunduki, wakawafyatulia risasi wanawake waliokuja kuuza samaki, mihogo na vyungu. Wengi walizama wakikimbilia mitumbwi. Makadirio aliyoyaandika Livingstone ni watu kati ya 330 na 400. Siku chache baadaye aliondoka kurudi Ujiji. Siku hiyo haiingii katika daraja lolote la makala hii, wala hatukuitafutia.

Mshindani wa pili ni Verney Lovett Cameron, mwanamaji wa Kiingereza aliyetumwa na Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia mwaka 1873 kwenda kumsaidia Livingstone, akaendelea na safari hata baada ya kukutana na maiti yake njiani. Alifika Nyangwe Agosti 1874. Naye alinyimwa mitumbwi. Lakini Cameron alikuwa na kitu ambacho hakuna mwingine aliyejua kukitumia vizuri: kipimo cha mwinuko. Alipima Nyangwe iko juu kiasi gani kutoka usawa wa bahari, akaikuta chini ya Gondokoro iliyoko kwenye Naili. Maji hayapandi mlima. Kisha akakadiria wingi wa maji yapitayo, akapata zaidi ya mara tano ya yale ya Gondokoro. Mto huu, akasema, ni Kongo. Alilijua jibu la mashindano akiwa amesimama ukingoni. Katika jaribio la kubana mafuta hakuna rekodi inayokaribia hiyo.

Zawadi hakuipata, kwa kuwa kanuni ambazo hazikuandikwa zilidai lazima uende ukaone. Akaondoka na Tippu Tip kuelekea kusini, akazunguka, na Novemba 1875 akatokea bahari ya Atlantiki karibu na Benguela, akiugua kiseyeye.

Hapa uainishaji unakwama, na kukwama kwenyewe ndiko kiini cha utafiti. Cameron anaandikwa 1. Vitabu vya shule humtaja kuwa Mzungu wa kwanza kuivuka Afrika ya kati kutoka bahari hadi bahari, mashariki kwenda magharibi. Hesabu hiyo ni sahihi kama swali ni la Wazungu. Msimbo wa FAI hauulizi Wazungu, unauliza watu. Na mbele ya msafara huo, kwenye kiti cha pili kama mchezo unavyokitambua, alikuwapo Sidi Mubarak Bombay.

Mchezaji huyu ataisumbua kamati yoyote ya usajili. Alizaliwa katika nchi ya Wayao, akatekwa mtoto, akauzwa, akapelekwa India, akapata uhuru na kurudi Unguja. Alikuwa na wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke walipolifikia ziwa Tanganyika mwaka 1858. Akarudi na Speke na Grant hadi wakafuata Naili kwenda Misri. Mwaka 1871 akamwongozea Stanley njia kwenda Ujiji, kwa gharama ya gazeti la New York. Kisha akawa mnyapara mkuu wa Cameron, akapita Nyangwe, akalivuka bara lote, na kurejeshwa Unguja kwa meli. Kamati zote duniani hudai leseni ya michezo inayotolewa na chama cha anga cha nchi yako. Bombay angeitoa wapi? Aliruka chini ya bendera ya Uingereza mara tatu na chini ya gazeti la Marekani mara moja. Mwaka 1876 Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ilimpa pensheni, jambo ambalo kwa maoni yetu ni kukiri kwa maandishi kwamba kiti cha pili kilikuwa na mtu.

Msimbo sahihi wa Cameron, basi, ni RFL2M, na hata hiyo 2 ni kwa sababu FAI haina nambari ya juu zaidi. Ukirudi kwa Livingstone kwa kipimo hichohicho, nambari 1 aliyojiandikia inafutika pia. Watu wengine walipomkimbia huko Maniema, walibaki watumishi wake Susi, Chuma na Gardner. Rubani hawezi kujisajili peke yake huku wenzake wamekaa nyuma na ramani mapajani.

Henry Morton Stanley alifika Oktoba 1876, na pamoja naye tatizo la leseni likawa la kuchekesha. Alizaliwa Wales kwa jina la John Rowlands, akahamia Marekani, akapigana pande zote mbili za vita vya wenyewe kwa wenyewe vya huko, na msafara huu ulilipiwa na magazeti mawili, moja la London na moja la New York. Uraia wa Marekani aliuchukua rasmi mwaka 1885, akarudia wa Uingereza mwaka 1892. Kwa kipindi kinachotuhusu alikuwa timu ya taifa la magazeti.

Kwa upande wa vifaa alikuwa mbele ya wote. Watangulizi wake waliomba mitumbwi. Yeye alikuja na mashua yake, Lady Alice, iliyoundwa Uingereza kwa vipande vinavyofunguliwa na kubebwa, kisha vikaunganishwa mtoni. Msimbo wake wa nchi kavu ni RFL2M na wa majini ni RAS2K, kwa sababu Lady Alice ilikuwa na usukani. Lakini aliyeshika usukani ni Uledi, nahodha kijana wa Unguja, ambaye Stanley mwenyewe hachoki kumsifu kwa idadi ya watu aliowatoa majini. Kwa tafsiri kali ya kanuni, rubani ni anayeshika usukani. Stanley, kwa hiyo, ni abiria aliyeandika kitabu.

Jaribio lake la kutafuta njia lilifanyika usiku mmoja karibu na Kasongo. Swali lilikuwa: kushuka mto kwenda kaskazini, ambako kila mtu aliwaonya wasiende, au kugeukia kusini, Katanga? Frank Pocock, msaidizi wake, akapendekeza warushe rupia. Kichwa ni mto, mgongo ni kusini. Ikarushwa, ukaja mgongo. Ikarushwa tena, ukaja mgongo tena, na tena. Wakaacha rupia wakachomoa vijiti. Vijiti vikasema kusini. Stanley akaamua kwenda kaskazini. Jopo letu la waamuzi lilijadili kesi hii kwa kirefu. Rupia si chombo cha kielektroniki, kwa hiyo inaruhusiwa. Vijiti vinaruhusiwa. Kosa ni la rubani aliyesoma vyombo viwili vinavyokubaliana akavipuuza vyote, na katika mchezo wa anga hilo huitwa bahati mpaka siku linapoitwa ajali. Pocock alikufa maji Juni 1877 kwenye maporomoko ya chini ya Kongo. Kati ya Wazungu wanne waliotoka pwani, Stanley alifika Boma peke yake Agosti 1877. Jibu la mto lilikuwa lilelile la Cameron.

Tumechelewa kumfikia mwenye uwanja, kwa heshima, kama ilivyo desturi ya wageni wa heshima kuingia mwisho. Tippu Tip ndiye mshindani pekee wa daraja safi la W, linaloongozwa kwa kuhamisha uzito. Hakuwa na usukani wala mbawa. Alikuwa na watu, bunduki, chakula na pembe, na alipovisogeza upande mmoja, nchi nzima iliinama upande huo. Cameron alikwenda kusini kwa kuwa Tippu Tip alisogea kusini. Stanley aliweza kuingia msituni kwa kuwa Tippu Tip alikubali kusogea kaskazini, kwa mkataba wa dola 5,000 kwa vituo 60, kila kituo mwendo wa saa nne. Huo ni mpango wa safari uliotangazwa kabla ya kuondoka, wazi kuliko chochote alichowahi kutangaza Stanley. Mwisho wa Desemba 1876, kabla vituo havijatimia, Tippu Tip aliona msitu na maradhi vimezidi akarudi. Marubani wa vindege visivyo na injini watamtambua mara moja: alikuwa ndege ya kuvuta, inayompandisha mwenzake hadi mahali fulani na kukata kamba. Kuhusu malipo alinung'unika miaka mingi baadaye kwamba Stanley aliahidi makubwa na alichomtumia ni picha yake mwenyewe. FAI hutoa medali, na medali angalau inaweza kuyeyushwa.

Timu ya Ujerumani, Paul Pogge na Hermann Wissmann, tunaipitia haraka. Walikuja kutoka magharibi, wakafika Nyangwe Aprili 1882 wakiwa wawili, na hapo Pogge akageuka kurudi alikotoka huku Wissmann akiendelea hadi pwani ya mashariki. Ni ndege pekee ya watu wawili katika utafiti huu iliyotua Nyangwe moja na kuondoka mbili.

Kwa kufuata kanuni, pointi za kiti cha pili zinakwenda kwa taifa la aliyekikalia. Uingereza inabaki na kipimo cha mwinuko na shajara ya gazeti. Pointi za Bombay, Susi, Chuma na Uledi zinakatwa kwao na kupelekwa pwani ya Waswahili, pamoja na zote za Tippu Tip. Wagenya hawana pointi kwa kuwa wasimamizi hawashindani, lakini ripoti yao ya uwanja imepokelewa. Ushindi wa taifa ni wa Unguja. Nchi yoyote inaweza kukata rufaa ikilipa amana, itakayorudishwa rufaa ikishinda. Dola 5,000 zinakubaliwa.

Anabaki Francis Dhanis, aliyeteka Nyangwe Machi 1893 na Kasongo mwezi uliofuata kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Huyu hakuja kushindana, alikuja kufunga uwanja, na kwa muda mrefu tulidhani uainishaji unaishia kwake. Lakini reli ya Kindu hadi Kongolo ilipokamilika mwaka 1910, ikipita ukingo wa pili wa mto, iliacha kesi moja ya nyongeza. Mwaka 1916 Waingereza waliwaazima Wabelgiji ndege nne za majini aina ya Short 827 ili ziwapige Wajerumani waliokuwa Kigoma. Zilipelekwa ziwani kwa meli, kwa stima za mto na kwa reli hiyo, zimefunguliwa na kufungashwa. Ndizo ndege za kwanza tunazoweza kuzithibitisha katika maeneo ya Nyangwe. Zilikuwa na usukani, kwa hiyo A; za majini, kwa hiyo S; za watu wawili, kwa hiyo 2; za kuchoma mafuta, kwa hiyo T. Uzito wao ulizidi kikomo mbali sana. Zaidi ya hapo, zilipopita kwenye mabehewa kiti cha kwanza kilikuwa kitupu na cha pili kitupu, injini haikuwashwa, na aliyeziongoza alikuwa dereva wa treni. Kwa kanuni za FAI, na kwa kanuni za zamani zaidi za Maniema, ziliingizwa kwenye daftari kama mzigo.